Televisheni Isiyomhitaji Mtu

Fundi Chenga aligombana na televisheni yake kila siku ya Mungu. Msomaji wa habari hajamaliza kusalimia, yeye keshaanza: "Haya, leo umetuletea uongo gani?" Ikitangazwa kwamba barabara itakamilika hivi karibuni, anamjibu, "Hivi karibuni ile ile ya mwaka juzi, au hii ni mpya?" Na upande wa pili wa ukuta, jirani yake Mama Pindo, mshona nguo, alikuwa akicheka peke yake kwenye cherehani mpaka mshono unakwenda upogo.

Ukuta huo uliitwa ukuta kwa heshima tu. Ulikuwa wa tofali moja jembamba, plasta imebanduka chini kwa unyevu, na hapakuwa na chafya upande mmoja isiyojibiwa "afya!" upande wa pili. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vya kupanga, vimejipanga safu safu kuuzunguka ua wenye bomba moja, na katika nyumba za namna hiyo mwenye siri amejidanganya. Mama Pindo alikuwa ameegemeza cherehani yake kwenye ukuta huo tangu alipohamia, kwa kuwa dirisha lilikuwa karibu. Walikuwa wamekaa ujirani muda mrefu kiasi kwamba alikijua kikohozi cha Fundi cha baridi, na kile kingine cha kutaka kuazima sukari.

Jina la Chenga alipewa na watu wa ua. Enzi zile televisheni ya mtu ikijaa chenga, zile nukta nyeupe zinazonguruma kioo kizima, aliyeitwa ni yeye. Alipanda juu ya bati na kuizungusha antena huku akipaza sauti, "Vipi sasa?" na chini kundi zima likimjibu, "Bado! Bado! Hapo hapo! Ah, umepitiliza!" Mechi ikionekana, anashuka kifua mbele kama aliyefunga bao yeye. Chumba chake ndicho kilichokuwa sebule ya ua mzima. Jioni kila mtu alikuja na kigoda chake, watoto wakakaa chini mbele, mwenye kichanga akakaa karibu na mlango, na Mama Pindo akaja na nguo za kupinda kwa mkono. Ikichekesha walicheka pamoja. Ikiliza walilia pamoja na kusingizia vumbi.

Halafu zikaja simu za kioo. Mtu akipata bando anajifungia chumbani, nyaya masikioni, anacheka peke yake kama aliyerogwa. Vigoda vikaondoka kimoja kimoja. Hakuna aliyeaga, kwa sababu hakuna aliyekuwa anahama. Wote walikuwa pale pale, mlango kwa mlango. Kazi nayo ikamkimbia Fundi. Aliyebaki na antena alikuwa na aibu ya kuonekana nayo, na hizo televisheni mpya nyembamba, mtu akimletea, akiifungua anakuta ndani ubao mmoja tu usio na mahali pa kushika. "Hii haitengenezwi," alikuwa akiwaambia. "Hii inatupwa."

Aliumia, na hakuwa mtu wa kuumia kimya. "Mimi sikumfukuza mtu," alimwambia Mama Pindo bombani. "Lakini sasa ua mzima uko ndani na siusikii. Siku moja mtu atakufa humu, na jirani yake atakuwa anatazama vichekesho."

"Fundi, na wewe! Asubuhi yote hii unatutabiria kifo?"

"Nasema tu."

Haukupita muda mrefu, mdomo wake ukaenda upande. Alikuwa bombani anapiga mswaki, kikombe kikamdondoka, akainama kukiokota, asiweze. Mama Pindo ndiye aliyemwona, na kwa kuwa alimwona pale pale, akafikishwa hospitali mapema na mdomo ukarudi mahali pake. Daktari alikuwa mwanamke wa maneno machache. "Safari hii mmewahi," alisema. "Kiharusi hurudi. Kikirudi, kila dakika anayolala bila msaada inachukua kitu, na kinachochukuliwa mara nyingi hakirudi. Asiachwe."

Asiachwe na nani? Fundi alikuwa mjane, na mwanawe ni binti mmoja tu, yuko kazini nchi ya mbali. Binti alimpigia Mama Pindo simu huku analia. "Shangazi, siwezi kuja sasa hivi, hawanipi ruhusa. Masikio yako ndiyo masikio yangu. Nisikilizie baba."

"Nitamsikiliza, mwanangu. Hata akipiga mwayo nitausikia."

Wakapatana, yeye na Fundi. Televisheni ikisikika, mzee ni mzima. Akitaka kuizima ili alale au atoke, atagonga ukuta kwa mpini wa bisibisi, ko, ko, naye Mama Pindo atamjibu kwa mpini wa mkasi. Ikinyamaza bila ukuta kugongwa, Mama Pindo aache kila kitu aende. Ulikuwa mpango mzuri, kwa sababu televisheni yenyewe ilikuwa kikongwe. Haikuweza kuongea kwa muda mrefu bila kuinukiwa: picha inazama, sauti inakufa, na Fundi lazima asimame aipige kofi ubavuni, pale anapopajua mwenyewe. Kwa hiyo Mama Pindo akisikia sauti, alijua Fundi ametoka kusimama sasa hivi.

Mara moja ilinyamaza. Mama Pindo alitoka mbio, futi ya kupimia shingoni, ndara mguu mmoja, akamkuta Fundi yuko juu ya stuli anafuatilia waya.

"Mama Pindo! Unakimbizwa na nani?"

"Na kimya chako!" alimjibu, anahema. "Ukinyamaza tena bila kugonga, nitakuua mwenyewe, tujue moja."

Walicheka mpaka Fundi ikabidi ashuke, asije akaanguka kweli.

Kisha mtaa ukachimbwa. Mafundi wa kampuni ya intaneti walipita na mtaro mwembamba kutoka barabara kuu, wakalaza waya wa faiba, wakawa wanapigilia visanduku vyeupe juu ya milango ya waliotaka. Karibu ua mzima ulitaka, na Mama Pindo alitaka kuliko wote. Intaneti ilikuwa imemfaa. Mitindo ya magauni aliitoa humo, wateja walimtumia picha, na mjukuu wake aliye mbali alimwona akiota meno. Taabu yake ilikuwa bando, lililokuwa likikatika mtoto akiwa katikati ya kusema "bibi". Kwake, intaneti isiyokatika ilikuwa sawa na kuvutiwa bomba mpaka chumbani.

Fundi aliupokea mfano huo na kumrudishia. "Haya, bomba chumbani. Hapa tunachota pamoja, tunaonana nani anaumwa na nani kanuna. Kila mtu akiwa na lake ndani, nani atajua ndoo ya nani haijatoka leo?"

"Kwa hiyo tupange foleni mpaka tuzeeke, ili wewe uone ndoo?"

"Sijasema hivyo. Maji ni mazuri, sina ugomvi na maji. Mimi naogopa ule mlango utakaofungwa."

"Sikio la kufa halisikii dawa," Mama Pindo alisema, na wanawake waliokuwa bombani wakacheka. "Mwanao anataka kukununulia televisheni mpya na intaneti yake, wewe unaleta ubishi. Pokea, Kaka Fundi. Utakuwa unauona uso wake kila siku."

Hilo la uso wa binti ndilo lililomshinda. Akapokea.

Televisheni mpya ilikuwa pana kama kitanda cha mtoto, na spika ndefu chini yake iliyotikisa vikombe kabatini. Ile kikongwe ikasukumwa chini ya meza, kioo kikitazama ukuta. Fundi wa kampuni alimwekea tamthilia na kumfundisha rimoti. "Ikiisha sehemu moja, mzee, inayofuata inaanza yenyewe. Huna haja ya kugusa kitu."

"Na nikisinzia?"

"Inaendelea tu."

Fundi Chenga aliizunguka, akaichungulia mgongoni, akaigonga ubavu kwa kidole. "Ile ilikuwa inanihitaji," alimwambia Mama Pindo aliyekuja kushangaa. "Hii hainihitaji hata kidogo. Hata nisipokuwepo itaongea."

"Si ndiyo raha yenyewe?" Mama Pindo alimjibu. Alikuwa na haraka. Mteja alikuwa anamsubiri mlangoni.

Hapo ndipo wote wawili, watu wazima na akili zao, walipopitiwa. Televisheni ilibadilishwa, mpango haukubadilishwa. Hakuna aliyesema, "Ngoja kwanza, tutajuanaje sasa?" Binti alipouliza kwenye simu, "Shangazi, unamsikia baba?" Mama Pindo alijibu kwa furaha, "Namsikia mno, mpaka sahani zangu zinacheza!"

Mwanzoni Fundi aligombana na mashine mpya kama alivyogombana na ya zamani. Lakini tamthilia haibishaniki kama habari. Msomaji wa habari ana mwisho. Anakuaga, anakuachia neno la mwisho. Tamthilia haimwachii mtu nafasi. Mwanamke analia, gari linaondoka, muziki unapanda, na kabla hujasema "mpumbavu huyu," sehemu nyingine imeanza. Taratibu Fundi akanyamaza. Habari akaziacha. Hata kugonga ukuta kukafifia, maana chombo kilikuwa hakizimwi tena. Kilimkuta macho na kumwacha usingizini.

Mama Pindo aliiona tofauti. Siku nyingine alisimamisha mguu kwenye kanyagio akasikiliza, akasikia watu asiowajua wakisutana, na sauti ya Fundi haimo. Akataka kuinuka. Kisha akajiambia kwamba mzee anastarehe, aachwe ale raha zake, na akakanyaga tena. Na ua nao ulikuwa umepoa. Mchana kweupe ungeweza kusimama bombani usimsikie mtu akimwita mwenzake, ila muziki ule ule wa tamthilia ukitoka vyumba mbalimbali, umepishana kidogo, chumba hiki kikiwa mbele na kile nyuma. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini nani alikuwa anatazama juu?

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kawaida, na hilo ndilo linalomuuma Mama Pindo mpaka leo. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na sare za watu zimejaa mpaka kitandani. Asubuhi alimsikia Fundi akikohoa, kile kikohozi cha sukari, akapaza sauti, "Kaka Fundi, usihangaike, chai yako nitakuletea baadaye!" Fundi akajibu, "Haya." Hilo ndilo neno la mwisho alilomsikia akilisema, na hakulijali wakati ule, alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.

Tamthilia ikaanza. Ilikuwa ile ya familia ya matajiri wanaotiliana sumu, na Mama Pindo alikuwa ameshaifahamu yote kwa masikio tu. Kati ya sare moja na nyingine akasikia kitu kikianguka, puu, na muziki wa kutisha ukapanda juu yake. "Huyo naye keshainywa," alisema, akakata uzi.

Baadaye mlango ukagongwa huko huko kwenye tamthilia. Ko, ko. Waigizaji wakaendelea kuteta kana kwamba hawakusikia. Ko. Ko, ko. Mama Pindo, miwani puani na pini mdomoni, akawasemesha kwa pembe ya mdomo. "Jamani, si mumfungulie mwenzenu!" Akacheka mwenyewe. Hakuna aliyefungua. Mgongo wa sketi ukaisha, akachukua nyingine, na bado yule mgeni alikuwa anagonga, sasa polepole, kama anayekwaruza kwa kucha. Mwishowe ugongaji ukaisha. Mama Pindo alifikiri mgeni amechoka, ameondoka zake.

Mchana alimtumia Fundi ujumbe: chai iko tayari, aje au aletewe? Ujumbe ukafika, haukusomwa. Akaona mzee hataki kukatishwa utamu. Ukutani watu waliendelea kulia, kuoana na kulaaniana, sehemu baada ya sehemu, na kila muziki wa mwanzo ulipopigwa upya Mama Pindo alitulia zaidi. Yupo, alijiambia. Nisingemsikia ndipo ningeogopa. Chai ikapoa juu ya meza, ikafanya utando.

Jua lilipoanza kulegea, televisheni ikanyamaza. Mama Pindo aliinua kichwa, akangoja ukuta ugongwe. Mkononi alikuwa na pindo la sketi, limebaki kipande kidogo. Akakimalizia. Na hicho kipande, ukitaka kumliza mpaka leo, mkumbushe. Kisha kimya kikamjaa masikioni, akasimama ghafla hata sare zikamwangukia miguuni, akatoka.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Fundi alikuwa sakafuni, amelalia ubavu kati ya kiti na ukuta, ukuta ule ule, kichwa chake kikielekeana na kanyagio la cherehani upande wa pili. Macho yalikuwa wazi, yakamtazama. Mdomo ulikuwa umekwenda upande kabisa safari hii, na ulikuwa unajaribu kusema. Rimoti ilikuwa imeteleza chini ya kabati. Juu ya kile kioo kipana picha ilikuwa imesimama, na maandishi meupe yanangoja jibu: Bado unatazama? Chini yake vitufe viwili, ndiyo na hapana. Katika ua wote ule wa watu, mashine ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumuulizia.

Mama Pindo alipiga ukelele ambao vyumba vyote viliusikia, nyaya masikioni au la.

Hospitali walimkuta daktari yule yule. "Alianguka lini?"

"Sijui."

"Asubuhi? Mchana? Mara ya mwisho kumsikia akiongea ni lini?"

"Asubuhi, daktari, neno moja tu. Televisheni ilikuwa inaongea."

Daktari alimtazama, akaandika kitu, akaingia ndani bila kusema kwamba wamewahi. Mama Pindo alibaki kando ya kitanda cha magurudumu, ambako nesi alikuwa anamsafisha mgonjwa. Nesi aliinua mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akaugeuza kwenye mwanga. "Mama, vifundo vyote vimechubuka. Alikuwa anagonga nini? Na huu unga mweupe kwenye kucha?"

"Ni plasta," Mama Pindo alisema. Akalisema kawaida kabisa. Kisha akamsikia tena yule mgeni wa kwenye tamthilia, ko, ko, na akajisikia mwenyewe akicheka na pini mdomoni. Alikaa chini kwenye sakafu ya korido, mbele ya watu, akalia kwa sauti, na hakusingizia vumbi.

Fundi hakufa. Alirudi nyumbani akiwa anabebwa, mkono mmoja na mguu mmoja vimelala, na neno halimtoki. Binti alikuja hatimaye. Mama Pindo alimweleza yote, pamoja na kugongwa kwa ukuta, kwa sababu aliona akilificha litamwozea ndani. Binti alisikiliza, akamshika mikono, hakumlaumu. Mama Pindo angeona afadhali alaumiwe.

Jioni moja kabla ya kuondoka, binti aliitoa televisheni kikongwe chini ya meza, akaifuta, akaiunganisha na antena. Ilinguruma chenga, akaipiga kofi akakosea mahali, akapiga tena, picha ikaja. Ilikuwa saa ya habari. Msomaji akasalimia, akasema barabara itakamilika hivi karibuni. Wote wawili waligeuka kumtazama Fundi. Mdomo wake ulicheza, ukakusanya nguvu, ukatoa mate tu. Mama Pindo alimfuta kwa kipande cha kitambaa.

"Muongo huyo," alimsemea.

Fundi akafumba macho, chozi likamshuka kuelekea sikioni.

Faiba bado ipo, na Mama Pindo hajaikata. Mjukuu wake sasa anasema sentensi nzima nzima na hakatiki. Ukimuuliza atakwambia ni kitu kizuri, hana ugomvi na maji. Lakini akisikia mlango ukigongwa kwenye tamthilia ya mtu yeyote, chumba cha karibu au cha mwisho kabisa, huweka mkasi chini akainuka. Huuzunguka ua mlango kwa mlango, anagonga, anaita. Watu humcheka. "Mama Pindo, ni kwenye televisheni hiyo!"

"Najua," huwajibu, na mkono hauachi kugonga. "Fungua nikuone."